Simu Niliyoitia Mafuta

Nimemiliki simu saba maishani mwangu, na sita kati ya hizo zimefia mkononi mwangu. Wateja wanaokaa kibarazani kwangu hapa Kilosa wakingoja suruali zipunguzwe kiuno hupenda kulalamikia simu zao: hii betri imevimba, ile kioo kimepasuka, nyingine haishiki chaji. Mimi huinamia kitambaa nikaendelea kushona. Si kwamba sina la kuchangia. Ninalo, tena zito kuliko yao wote, maana simu yangu ya tano ilipoharibika iliharibu jambo kati ya mama mmoja na mwanawe wa pekee, na aliyeiharibu simu hiyo ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi nilijifunza kwa shangazi yangu kule Kimamba, enzi mashamba ya mkonge bado yana kelele za watu, na cherehani yake ya miguu ndiyo ninayotumia hadi leo. Imekula mikanda na sindano nisizojua idadi, lakini haijawahi kunitia aibu. Ikianza kukaza, au kupiga kelele ya ukavu, dawa ni moja tu: unageuza mgongo wake, unatafuta tundu, unatia tone la mafuta. Shangazi alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kukata kola. Niliyaamini mafuta kama wengine wanavyoamini mwarobaini.

Soko huria lilipotufikia, cha kwanza kushuka Kilosa kilikuwa marobota ya mitumba. Gauni ambalo ningelishona siku mbili, mwenzangu alilichambua kwenye rundo akalipata kwa bei ya chai na maandazi. Nilinuna mwaka mzima. Nilikuwa nikipita sokoni nawatazama wauza mitumba kana kwamba wameniibia kuku. Nikabaki na sare za shule, zipu, viraka, na mapazia ya maofisa wa wilaya. Kisha zikaja redio, saa za mkononi, pasi, miavuli inayogeuka nje kwa upepo wa kwanza, na tukajifunza swali ambalo wazazi wetu hawakuwahi kuliuliza dukani: "Hii orijino?" Sijawahi kumsikia muuzaji aliyejibu hapana.

Simu yangu ya kwanza ilikuja katika msafara huo huo, kitochi cha vitufe chenye tochi kichwani. Nakiri nilikidharau siku ya kwanza kwa udogo wake. Kikaniumbua. Kilitumbukia kwenye beseni nililolowekea khaki. Nikakifungua, nikaanika betri na mgongo wake juani kama dagaa, jioni kikawaka. Kilianguka kutoka kwenye pikipiki nikienda Kimamba, dereva akarudi kukiokota, tukakuta kimepoteza mfuniko tu. Nikakifunga mpira wa pajama. Chaji ilikaa wiki nzima, na hapo nakitumia kama taa ya kutafutia sindano chini ya meza.

Wakati ule mtaa wetu ulikuwa na simu moja, na ndiyo hiyo. Ilikuwa kawaida ya huku, na hakuna aliyeona ajabu: mtu asiye na simu hutoa namba ya jirani mwenye nayo, na namba hiyo inakuwa yake. Namba yangu ilikuwa kwenye fomu za shule, kwenye kadi za kliniki, kwenye mifuko ya mashati ya watoto waliohamia mijini. Simu ikilia, nasimamisha cherehani, naipeleka ilikoitwa. Nikawa najua mzazi aliyejifungua kabla ya mumewe. Habari ya msiba nilijua kuipeleka: huendi mbio, wala husemei mlangoni, unaingia, unasalimia, unakaa, unaomba maji ya kunywa, na mwenyeji akiona umeomba maji moyo wake unaanza kujiandaa. Nililalamika kila siku kwamba watu wananichosha na simu zao. Uongo mtupu. Nilikuwa naipenda kazi ile kuliko ushonaji.

Aliyekuwa akiitwa kuliko wote ni jirani yangu wa ukuta wa mabua, mjane wa rika la mama yangu, mkulima wa mpunga na mahindi. Namwita mama. Ana mtoto mmoja tu wa kiume, ambaye alikwenda Mikumi kuziba pancha za malori barabara kuu. Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, kijana alipiga. Kwenye simu nilimwandika "Mikumi". Ikilia nilipenya kwenye uwazi wa ua nikiita, "Mama, Mikumi hiyo!" naye alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake akijitanda khanga vizuri, kana kwamba mwanawe angemwona. Waliongea mambo ya kawaida. Umekula? Mvua imenyesha? Nikishika simu nikiirudisha ilikuwa bado na joto la shavu lake.

Halafu kijana akaoa bila kumwambia. Alikwenda kwa wakwe na wazee wa kuokoteza, marafiki zake wa gereji, na mama akaja kuisikia habari sokoni kutoka kwa mwanamke mchuuzi wa nyanya aliyetoka Mikumi, ambaye alimpa hongera. Hebu fikiria: unapewa hongera mbele ya mafungu ya nyanya, na hujui ni za nini. Ijumaa iliyofuata nilimpelekea simu, nikasimama pale pale kwa sababu sauti yake ilinitisha. Alimsikiliza kijana hadi mwisho, kisha akasema, "Usinipigie tena mpaka ujue kwamba una mama." Akanirudishia simu bila kujua kuikata. Niliikata mimi.

Kijana akatii. Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine. Mama hakuweza kumpigia yeye kwanza, maana mzazi aliyekosewa haanzi. Anayeanza ni aliyekosa. Kwa hiyo alingoja. Kila Ijumaa mchana alikuwa nyumbani, hata msimu wa palizi, na jioni aliniuliza jambo jingine kabisa, bei ya chumvi au hali ya goti langu, na mwisho wake kwa sauti ndogo: "Simu haijalia?" Nilikuwa namjibu, "Bado, mama." Alikuwa na tumaini moja tu duniani la kumpata mwanawe, na tumaini hilo lilipitia kwenye namba yangu.

Mtu angefikiri ningeishika simu hiyo kama yai. Lakini mimi nilishaingia mashindano na dunia. Baada ya kitochi nilinunua simu yenye antena ya kuvuta, iliyopiga muziki kama baa na kufa baada ya masika moja. Ya tatu vitufe vyake vilifutika, nikawa napiga namba kwa kukumbuka. Ya nne sitaki hata kuisema. Ilikuwa na laini mbili na akili nusu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hizo zote zilikuwa zimetembezwa hadi kibarazani kwangu. Kila zilipokufa nilikirudia kitochi, kikaamka bila kinyongo.

Kisha wateja wakaanza kuja na picha za mishono kwenye simu za tachi. "Fundi, nataka kama hii." Wananisukumia kioo usoni, mikono mirefu, migongo wazi, marinda yaliyopanda begani. Fundi mwenzangu upande wa stesheni alikuwa na simu ya namna hiyo, na wateja wakahamia kwake. Ndipo nami nikanunua. Muuza simu alichukua laini yangu akaikata kwa mashine ndogo ili iingie kwenye tundu lake, maana simu ile ilitaka laini ndogo. Nilimuuliza je, nikitaka kuirudisha kwenye kitochi? Akacheka. "Mama, utarudi nyuma ili iweje?" Nikacheka naye. Ile laini iliyokatwa sasa ingepwaya ndani ya kitochi kama mtoto kwenye koti la baba yake, na kitochi nikakitupa kwenye droo ya vifungo.

Ah, nilivyoringa! Nilikuwa nasimamisha cherehani ili tu kuiwasha. Mteja wangu mmoja, mfugaji anayeniletea mashuka kukunja pindo, alitazama ile simu kwa heshima. Yeye kitochi chake alikivaa shingoni ndani ya kimfuko cha shanga.

"Hii inakaa na chaji siku ngapi, mama?"

"Siku nzima," nikamjibu.

"Nimeuliza siku ngapi."

Nilimwambia hajui mambo ya kisasa. Alikubali kwamba hajui, akachukua mashuka yake akaenda zake.

Kwa mama jirani niliipeleka mwenyewe, nikamwonyesha picha za maua. Alizitazama kwa adabu. Kisha akauliza swali moja tu: "Na yeye akipiga, itamjua?"

"Namba ni ile ile, mama. Na hii haisumbui. Hii orijino."

Ndivyo nilivyomwambia. Nilimwekea dhamana kwa kitu ambacho sikukijua hata kilichomo ndani.

Mwezi wa nne tangu niinunue, tundu la chaji likaanza kulegea na kukaza kwa zamu. Ili ishike chaji ilibidi waya uupinde, uuwekee kibiriti chini, na jiwe dogo juu, usipite karibu nayo wala usikohoe. Watu wengine kibarazani walinipa pole kwa furaha, kila mmoja akisimulia ya kwake. Mwalimu mmoja alikuwa analala na yake chini ya mto kwa sababu ilishika chaji ikiwa na joto tu. Mwendesha bodaboda alikuwa na simu isiyosikika mpaka uweke spika, kwa hiyo mtaa wote ulijua anadaiwa mahari. Fundi simu wa sokoni, mtu mtulivu mwenye lenzi jichoni, alisema nimletee abadilishe tundu. Nikasema nitampelekea. Ilikuwa msimu wa sare, shule ziko karibu kufunguliwa, na sikutaka kuikosa simu hata siku moja.

Basi Jumatano moja nikiwa nimetoka kuitia cherehani mafuta, kichupa bado kiko mkononi, nikaitazama ile simu na waya wake unaogoma kuingia. Chuma kinachokaza ni chuma kinachokaza. Nikaikamata, nikaisimamisha, nikatia tone moja kwenye tundu. Waya ukateleza ndani vizuri ajabu. Nikaona moja halitoshi, nikaongeza la pili. Simu ikashika chaji bila jiwe wala kibiriti, na mimi nikawaita watu waje waone. Nilisema maneno mengi siku ile. Nilisema mafundi simu ni wezi wanaokula fedha za wajinga, na kwamba fundi ni fundi, awe wa nguo au wa nini. Waliokuwepo walicheka, na mmoja akaahidi kumfikishia fundi wa sokoni salamu zangu.

Alhamisi doa likatokea chini ya kioo, upande wa chini, lina rangi za upinde wa mvua. Nililifuta, halikufutika, kwa sababu lilikuwa ndani. Kufikia jioni lilikuwa limepanda hadi katikati. Mafuta hayo sifa yake ni kutambaa; ndiyo maana tone moja linatosha cherehani nzima.

Ijumaa, baada ya swala, nilikuwa kibarazani kwangu nashona kaptura za khaki. Simu ikalia juu ya meza. Nikatupa jicho, nikaona neno ambalo sikuwa nimeliona kwa mwaka na nusu: Mikumi.

Niliruka. Nilitelezesha kidole kwenye kioo kama ilivyotakiwa ili kupokea. Haikusikia. Nikafuta kidole kwenye khanga, nikatelezesha tena. Nikajaribu cha pili, nikajaribu gumba, nikalamba kidole, nikabonyeza kwa nguvu mpaka kioo kikanywea. Kioo kilinionyesha kila kitu, jina, alama ya kijani, alama nyekundu, kikiwaka vizuri kabisa, lakini hakikuhisi mkono wangu. Ikalia mpaka ikakatika. Ikaanza tena. Ikalia mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nimeishika mikononi, natokwa jasho, nalitazama lile jina.

Nyumba ya nne kutoka kwangu aliishi mwalimu mwenye simu. Fundi wa sokoni alikuwa mwendo wa dakika kumi. Ningeweza kwenda kwa yeyote kati yao, na mpaka leo sijapata mtu wa kumsingizia kwa nini sikwenda. Niliona tu nyuso zao. Niliona fundi simu akifungua ile simu, akisikia harufu ya mafuta, na salamu zangu za Jumatano zikiwa zimeshamfikia. Niliona kicheko kikitoka kwake kikazunguka soko zima na kurudi kibarazani kwangu kabla ya alasiri. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nilijifunika gubigubi.

Mama akatokea kwenye uwazi wa ua. Alikuwa amejitanda khanga safi.

"Shikamoo mama," nikawahi.

"Marahaba mwanangu. Nimesikia kama simu imelia."

"Ni watu wa mtandao tu, mama. Wanauza vifurushi vyao."

Alisimama. Akachukua kaptura moja niliyoimaliza, akapitisha kidole kwenye mshono. "Unashona vizuri," akasema. "Haya." Akarudi kwake.

Nilijiambia ningeitengeneza kesho yake, kijana angepiga tena, na mama asingejua lolote. Jumamosi asubuhi ikalia tena mara moja, na safari hii niliifunika kwa vitambaa ili isisikike upande wa pili wa ua. Kisha nikaifukia kwenye mchele, kama walivyonishauri wale wasiojua ni nini kilichoingia. Jioni betri ikaisha. Nakiri nilipumua. Niliona afadhali ilale kuliko kunililia, nikarudi kwenye sare zangu, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, nikijiambia wateja wana haraka.

Jumatano nilikwenda kwa fundi simu, nikasubiri mpaka kibanda chake kikawa hakina mtu. Alifungua mgongo wa simu, akatazama, akanitazama.

"Mama, hii uliikaanga?"

Nikamwambia ukweli. Alicheka, ndiyo, lakini alicheka peke yake na kwa sauti ya chini, na sijawahi kusikia kwamba alimwambia mtu. Hapo ndipo nilipoielewa aibu yangu thamani yake: kicheko cha mtu mmoja kwa muda wa kufungua skrubu nne. Alisema kioo na tachi vyote vimekwisha. Kuhusu laini, akafungua kopo, akatoa kipande kidogo cha plastiki chenye tundu katikati, akaichomeka laini yangu iliyokatwa, ikarudi ukubwa wake wa zamani. "Itie kwenye simu yoyote," akasema. Kitu chenyewe bei yake ni maandazi mawili.

Nyumbani nilikitoa kitochi kwenye vifungo, nikakitia chaji, nikakiwasha. Ujumbe ukaingia mmoja baada ya mwingine. Wa Jumapili ulisema: "Shikamoo mama mdogo. Ni mimi wa Mikumi. Mke wangu amejifungua mtoto wa kike Jumatano. Mwambie mama namuomba radhi. Nataka jina ampe yeye, siku ya saba ni Jumanne." Wa Jumatatu ulisema: "Mama mdogo naomba umpe mama simu, hata kama ana hasira." Wa Jumanne jioni ulisema: "Nimeelewa. Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Mtoto amenyolewa na jina amepewa."

Nilisoma nimesimama, kisha nikakaa. Nikampigia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Simu yangu ilikuwa mbovu. Mama hana habari ya lolote."

Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa lori. "Iliita, mama mdogo. Simu mbovu haiiti. Ingeniambia haipatikani ningejua ni betri. Iliita mara tatu mpaka ikakatika yenyewe, na Jumamosi tena, ndipo nikaacha kupiga nikaandika."

Nikamweleza habari ya kioo, kwamba jina lake nililiona ila kidole hakikusikika. Kadiri nilivyoeleza ndivyo hata mimi niliyekuwepo nilivyoona inafanana na uongo. Yeye alikuwa anatumia simu ya vitufe. Kwake simu inayolia na isipokelewe ni mtu aliyekataa. "Haya, mama mdogo," akasema kwa adabu. "Nakushukuru."

Kwa mama niliingia bila mbio. Nikasalimia, nikakaa, nikaomba maji. Aliponiletea kata alibaki ameishika, nikajua nimemtisha, nikawahi kusema ni habari njema: ana mjukuu wa kike, na mwanawe anaomba radhi. Alifunika uso kwa khanga akalia kwa furaha. Kisha nikamwambia habari ya jina na siku ya saba. "Ujumbe ulichelewa, mama. Mtandao." Hapo nilikuwa nimeshashona uongo wa pili juu ya wa kwanza. Akahesabu siku kwenye vidole, akafika Jumanne, akarudia tena kuhesabu.

Jumamosi tulikwenda Mikumi kwa basi, yeye na mimi, na kuku wawili miguuni. Kijana alitupokea kituoni. Nyumbani kwake alipiga magoti mbele ya mama yake, akaomba radhi mbele ya wakwe, na mama akamwekea mkono kichwani akasema yameisha. Wakamletea mtoto. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa.

"Anaitwa nani?" mama akauliza.

Wakamtajia. Lilikuwa jina la bibi yake mzaa mama. Huyo bibi mwenyewe alikuwa amekaa pale kwenye mkeka, akainamisha macho, maana naye alijua kulitoa jina hilo ilikuwa haki ya nani.

"Jina zuri," mama akasema. "Litamfaa."

Kijana hakuweza kunyamaza. Alisema, bila ubaya, "Nilikupigia, mama. Mara tatu. Nikajua bado hutaki."

Kila mtu alimtazama mama, na mimi nilikuwa nimefungua mdomo bila kujua nitatoa nini. Mama hakunitazama. Alimfunika mtoto vizuri.

"Nilikuwa shamba," akasema. "Mama yako mdogo aliniita, sikusikia."

Wakamwelewa. Mkwe akasema mashamba ya mwaka ule yalihitaji mkono kweli. Wakaleta chakula.

Kwenye basi la kurudi vumbi likatujaa kope. Ndipo akaniambia, akiangalia mbele, "Ijumaa ile nilisikia ikilia. Nilijitanda, nikasimama mlangoni, nikakungoja uniite. Watu wa mtandao hawapigi mara tatu."

Nikamweleza yote, mafuta, doa, kidole, fundi, na aibu. Nilitegemea agombe. Ningelipokea tusi lolote kwa shukrani.

"Mafuta ya cherehani?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia tu, mwanangu," akasema. "Mimi ningecheka?"

Mwaka na nusu alingoja mtoto wake aanze, na mtoto alipoanza, nilikuwa nimekaa katikati na kaptura za khaki. Mtoto yule wa kike sasa ni mkubwa, anakuja likizo Kilosa, nami ndiye ninayemshonea sare. Kila akiitwa jina lake, naona bibi yake akichelewa kidogo kulitamka. Labda ni mimi tu ninayeona hivyo.

Baada ya mavuno ya mwaka ule mama aliuza gunia la mpunga, akaenda sokoni peke yake, akarudi na kitochi chake mwenyewe, cha vitufe, chenye tochi. Alikuja nacho kibarazani kwangu kimefungwa kwenye pindo la khanga. Tukasalimiana kama siku zote. Akauliza hali ya goti. Kisha akanipa simu mikononi, kwa sababu yeye hajui kuandika.

"Niandikie kwa mwanangu," akasema. "Mwambie hii ndiyo namba yangu. Ile nyingine aifute."

Niliandika. Alinitaka nimsomee kabla ya kutuma, nikamsomea lote hadi neno la mwisho.

"Hivyo hivyo, mwanangu," akasema, nami nikatuma.